Kuchovya shaba kwa fedha: mwongozo kwa mafundi wa redio na umeme

Kabla hujanunua hata gramu moja ya fedha, jiulize kama kipande chako kinaihitaji. Fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine zote, lakini shaba nyekundu inaifuata kwa karibu sana: tofauti yao ni kama asilimia 5 hadi 6 tu. Kwenye redio faida hiyo hupungua tena, kwa sababu ukinzani wa masafa ya juu hufuata kipeuo cha pili cha ukinzani wa metali yenyewe. Koili safi ya shaba nyekundu ukiivika fedha, umepunguza upotevu kwa takriban asilimia 3. Hiyo haisikiki kwenye spika ya mtu yeyote.

Faida kubwa iko mahali pengine. Kwanza ni shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Hupitisha umeme kwa kiasi cha robo tu ya shaba nyekundu, au zaidi kidogo, na viunganishi vingi, skrubu za kurekebishia na mirija ya vichujio vya masafa hutengenezwa kwayo. Ikivikwa fedha, ukinzani wake kwenye masafa ya juu hushuka karibu nusu. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi, ni pale metali mbili zinapogusana: visu vya swichi, vishikio vya fyuzi, maungio ya baa za shaba, vidole vya kapasita ya kuzungusha. Shaba tupu hujenga utando wa oksidi ambao haupitishi umeme vizuri. Ungio hupata joto, joto huzidisha oksidi, oksidi huzidisha joto, mpaka plastiki ya jirani inaanza kunuka. Fedha nayo hubadilika rangi na kuwa nyeusi ikikutana na salfa ya hewani, ila utando wake ni laini. Swichi inayobana vizuri huupasua kila inapofungwa. Mtu anayeishi Tanga, Malindi au Unguja, ambako upepo wa bahari hugeuza shaba kuwa ya kijani, ataiona tofauti haraka kuliko mtu wa Dodoma.

Kuna mahali ambapo fedha haifai kabisa. Usiiweke kwenye vituo viwili vilivyokaribiana vyenye umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), mahali penye unyevu. Fedha husafiri taratibu juu ya kizio (kitu kisichopitisha umeme), kutoka chanya kwenda hasi, hadi inaunganisha vituo hivyo. Usiiweke pia kwenye vyumba vyenye gesi ya salfa, kwa mfano karibu na mabwawa ya majitaka. Huko huota nyuzi nyembamba kama nywele ambazo huleta shoti.

Unene gani?

Umeme wa masafa ya juu hauingii ndani ya metali. Hukimbilia juu juu, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo tabaka linalotumika linavyozidi kuwa jembamba. Kwa fedha, kina hicho ni mikromita 64 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita) kwenye megahezi 1, mikromita 24 kwenye megahezi 7, mikromita 5.3 kwenye megahezi 144, na mikromita 2 tu kwenye gigahezi 1. Ndani ya kina kimoja hupita karibu asilimia 63 ya mkondo, na ndani ya vina viwili asilimia 86.

Maana yake kwa fundi ni hii. Kwa megahezi 144 unahitaji fedha ya mikromita 10 ili mkondo mwingi upite ndani yake. Kwa megahezi 7 ungehitaji mikromita 50, nayo ni gharama isiyo na sababu. Huko acha koili yako ya bomba la shaba nyekundu kama ilivyo, ing'arishe, basi. Kwa maungio ya umeme wa kawaida unene si suala la masafa bali la kuchakaa. Ungio lililofungwa kwa bolti linatosheka na utando mwembamba, lakini kisu cha swichi kinachosuguana kila siku kinahitaji mikromita kadhaa.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Kusugua kwa uji wenye fedha hutoa utando usiofika hata mikromita moja. Ni kazi ya maungio yasiyosuguana. Kuchovya kwa umeme hutoa unene unaoutaka. Ndiyo kazi ya redio.

Mambo mawili usiyafanye

Viwanda vingi huchovya fedha kwa sianidi. Inafanya kazi nzuri sana, na inaua. Ikikutana na asidi, hata ndimu, hutoa gesi inayomaliza mtu kwa dakika chache. Karakana ya nyumbani haina mfumo wa kuvuta hewa wala huduma ya dharura ya kukabiliana nayo, hivyo mtu akikuletea sianidi kwa bei nafuu, mkatalie.

La pili ni amonia. Yapo maelekezo ya kuchanganya nitrati ya fedha na amonia, yale ya kutengenezea vioo. Mchanganyiko huo ukiachwa ukae hujenga mabaki yanayolipuka kwa kuguswa tu. Usiutengeneze, na usiweke chupa ya amonia kwenye rafu moja na nitrati ya fedha.

Vitu vinavyohitajika

Nitrati ya fedha hupatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Huko huko utapata thiosalfeti ya sodiamu, ile chumvi waliyoitumia wapiga picha wa filamu kwenye chumba cha giza, pamoja na salfaiti ya sodiamu na asidi ya sitriki. Krimu ya tartari, unga mweupe wa waoka keki, iko kwenye maduka ya vifaa vya kuoka. Magadi yapo sokoni.

Bamba la fedha tupu mtafute sonara. Masonara wa Mombasa, Lamu na Unguja wanajua tofauti ya fedha 999 na 925; wewe taka 999, na mwambie alipige liwe bapa na jembamba. Usitumie bangili ya zamani wala sarafu ya riale ya Maria Theresa. Riale ina fedha sehemu 833 kwa 1000 na sehemu kubwa ya kilichobaki ni shaba, na shaba hiyo itayeyukia kwenye dawa yako, yaani maji ya kemikali ya kuchovyea, na kuiharibu. Riale iache kabatini, ina thamani yake.

Maji yawe yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke. Kwenye maduka ya spea huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri, lakini soma chupa, maana kuna wanaoita asidi kwa jina hilo hilo la maji ya betri. Maji ya bomba au ya kisima, hasa ya pwani, yana kloridi nyingi. Unaweza kuyapima mwenyewe: weka maji kidogo kwenye glasi safi, dondoshea tone moja la nitrati ya fedha. Yakibaki maangavu kama kioo, yanafaa. Yakigeuka kama maziwa, hayafai kwa kutengenezea dawa, ingawa yanatosha kwa suuza ya mwanzo.

Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Nitrati ya fedha ikigusa ngozi huacha doa jeusi linalokaa siku nyingi na halitoki kwa sabuni. Ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Vyombo viwe vya kioo au plastiki, na visirudi jikoni tena.

Hatua ya 1: Kusafisha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fedha hushika shaba, haishiki mafuta, haishiki oksidi, haishiki alama ya kidole.

Maliza kwanza kazi zote za kukata, kutoboa na kukunja. Maungio yaliyochomelewa kwa risasi na bati hayapokei fedha vizuri, kwa hiyo kama kipande lazima kiungwe kabla, tumia lehemu ya fedha. Kisha piga msasa: anza na namba 400, nenda 800, malizia 1200. Kwenye redio ya masafa ya juu, mikwaruzo ni njia ndefu zaidi kwa mkondo, na fedha haitaificha. Itaifuata na kuionyesha vizuri zaidi.

Chemsha maji, weka magadi vijiko viwili vya chakula kwa lita, tumbukiza kipande dakika tano hadi kumi kuondoa mafuta. Kitoe kwa waya, usikiguse kwa mkono. Suuza. Halafu kiweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye gramu 50 za asidi ya sitriki kwa lita. Bibi zetu walisugulia masinia ya shaba kwa ukwaju au ndimu na chumvi, na kazi ni ile ile ya asidi kula oksidi, ila sitriki safi haiachi nyuzi wala sukari. Baada ya dakika chache shaba inakuwa na rangi ya waridi, iliyofifia, sawasawa pande zote.

Suuza mara mbili kwa maji mengi, kisha kishike kimesimama wima na utazame maji yanavyoshuka. Kama yanafunika uso wote kama utando mmoja na kuteremka polepole bila kukatika, kipande kiko tayari. Kama yanakusanyika matone matone au yanakimbia sehemu fulani na kuacha kisiwa kikavu, hapo pana mafuta. Rudi kwenye magadi. Usijidanganye kwamba kisiwa kidogo hakina neno. Ndipo fedha itakapobanduka.

Baada ya hapo usikiache kikauke. Kitoke kwenye suuza kiende moja kwa moja kwenye fedha.

Hatua ya 2: Kutengeneza kloridi ya fedha

Njia zote mbili zinaanzia hapa. Kwa lita moja ya dawa ya kuchovya, yeyusha gramu 40 za nitrati ya fedha kwenye mililita 300 za maji yaliyotoneshwa, mbali na jua. Pembeni yeyusha gramu 15 za chumvi kwenye mililita 200. Mimina chumvi ndani ya fedha huku ukikoroga. Papo hapo itatokea kitu cheupe kinachogandamana kama maziwa yaliyokatika. Koroga hadi kitue chini na maji ya juu yawe safi, kisha dondoshea maji ya chumvi kidogo: yasipotiwa ukungu tena, fedha yote imeshuka.

Mwaga maji ya juu polepole, ongeza mengine yaliyotoneshwa, koroga, acha itue, mwaga. Rudia mara tatu au nne. Iache ikiwa mbichi, wala usiianike juani, maana mwanga huigeuza zambarau na kuirudisha kuwa fedha ya unga. Kiasi hiki kinatoa kloridi ya gramu 33 hivi. Kwa kazi ya kusugua peke yake, nitrati gramu 5 na chumvi gramu 2 zinatosha, utapata kloridi ya gramu 4.

Hatua ya 3: Njia ya kusugua

Changanya kloridi ya fedha sehemu moja, chumvi ya mezani sehemu mbili, krimu ya tartari sehemu mbili, na maji matone machache mpaka iwe uji mzito. Chukua kitambaa safi cha pamba kilicholowa, chota, usugue shaba kwa mizunguko midogo. Ndani ya dakika moja wekundu unaanza kufifia na weupe wa kijivu unatokea. Endelea hadi pasibaki doa la shaba, ukichovya uji mpya kila unapokauka.

Kinachotokea ni kubadilishana: shaba ya juu inayeyuka, fedha inakaa mahali pake. Shaba ikishafunikwa, kazi inasimama yenyewe, na ndiyo sababu njia hii haiwezi kutoa unene hata ukisugua kutwa. Suuza, osha na maji yenye magadi kidogo kumaliza asidi, suuza tena, kausha.

Kwa baa za shaba kwenye boksi la umeme, njia hii ni nzuri na nafuu. Ila zima umeme kwenye chanzo na uhakikishe kwa mita kabla hujagusa chochote. Kemikali hizi hutumika zikiwa na maji, na maji na umeme wa nyumba havikai pamoja. Fungua baa kabisa, fanyia kazi mezani, rudisha ikiwa kavu. Na kaza bolti inavyotakiwa. Ungio lililolegea litaungua hata likivikwa fedha.

Hatua ya 4: Dawa ya kuchovya

Yeyusha gramu 300 za thiosalfeti ya sodiamu na gramu 30 za salfaiti ya sodiamu kwenye mililita 600 za maji ya uvuguvugu. Utashangaa chombo kinapoa mkononi. Thiosalfeti hula joto inapoyeyuka. Ikishayeyuka yote, ongeza kloridi ya fedha ile mbichi, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga hadi kila kijiko kipotee. Jaza maji ifike lita moja, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Inatakiwa iwe maji safi yasiyo na rangi.

Fuata mpangilio huo. Fedha iingie kwenye thiosalfeti nyingi, na isiwe nitrati bali kloridi iliyooshwa. Thiosalfeti ikipungukiwa, fedha hugeuka salfaidi nyeusi na dawa yote inaharibika. Asidi pia ni adui: ikiingia, salfa inajitenga na gesi ya kukaba koo inatoka. Ndiyo maana kipande kilichotoka kwenye sitriki husuuzwa mara mbili. Dawa ihifadhiwe kwenye chupa ya rangi ya kahawia, gizani.

Hatua ya 5: Kuchovya kwa umeme

Nichukue mfano wa bamba la shaba la kikuza nguvu cha megahezi 144, urefu sentimita 20, upana sentimita 4. Pande zote mbili jumla ni sentimita za mraba 160. Mkondo unaofaa ni ampea 0.5 kwa kila sentimita za mraba 100, hivyo bamba hili linataka ampea 0.8. Kwa mkondo huo fedha hukua kwa mikromita 0.32 hivi kila dakika. Mikromita 10 ni dakika kama 31. Fedha itakayotumika ni gramu 1.7 hivi, na bamba la sonara ndilo linalolipa gharama hiyo huku dawa ikibaki na fedha yake.

Kama huna pawa saplai ya kupima mkondo, tumia betri ya gari au ya pikipiki ya volti 12, na kwenye waya uweke fyuzi ya ampea 2 na balbu ya gari ya wati 10 mfululizo. Dawa yenyewe hutumia chini ya volti moja, kwa hiyo karibu volti zote zinabaki kwenye balbu, nayo inaruhusu ampea 0.8 hivi. Balbu ikiwaka kawaida, mkondo upo. Ikififia, kuna klipu iliyoshika vibaya. Kwa kipande kidogo, balbu ya wati 5 itatoa nusu.

Bamba la fedha liende kwenye chanya, kipande chako kwenye hasi. Ukikosea, shaba yako itayeyukia kwenye dawa. Afadhali uwe na mabamba mawili ya fedha, moja kila upande, na eneo lao lisipungue eneo la kipande. Klipu zisiguse dawa. Ninginiza kila kitu kwa waya wa shaba, ila waya wa upande wa chanya usiguse dawa.

Sasa jambo linaloamua kama fedha itashika. Shaba ikiingia kwenye dawa bila umeme, inaanza kubadilishana na fedha yenyewe kwa haraka, na utando huo wa kwanza ni mlegevu. Tabaka lote litakalokuja juu yake litabanduka nalo. Kwa hiyo unganisha kila kitu kwanza, umeme uwe tayari kwenye waya wa kipande, ndipo ukitumbukize. Kiguse maji kikiwa na umeme tayari. Balbu itawaka pale pale kinapozama.

Tikisa kipande taratibu. Kizungushe nusu ya muda ikifika, maana kingo zinazotazama fedha hupokea zaidi. Fedha inatakiwa iwe nyeupe iliyofifia kama chaki. Ikianza kuwa ya kahawia au nyeusi kwenye kingo, mkondo ni mkubwa mno: punguza. Ikiwa na manjano kote, dawa imechoka au imepata asidi.

Chovya pamoja na kipande kidogo cha shaba cha majaribio kilichosafishwa vile vile, ukihesabu eneo lake pia. Mwisho wa kazi kikunje mara kadhaa mpaka kikatike, na kwenye bamba bandika selotepu na uing'oe kwa nguvu. Isitoke hata punje. Ikitoka, ondoa fedha yote kwa msasa, rudi hatua ya 1. Kuongeza fedha juu ya fedha inayobanduka ni kupoteza mali.

Hatua ya 6: Kukausha na kutunza

Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha kwa hewa ya moto, ng'arisha kwa kitambaa laini tu. Hifadhi kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Usifunge kwa mpira wa kubania, mpira una salfa na utaacha mstari mweusi. Usipake vanishi sehemu za kugusana.

Ikija kuwa nyeusi, usitumie dawa ya meno wala msasa, vitakula mikromita ulizozilipia. Tandika karatasi ya alumini kwenye beseni la plastiki, weka maji ya moto na soda ya kuokea, laza kipande kiguse alumini. Weusi unahamia kwenye alumini na fedha inabaki. Ukiunga kwa risasi, tumia waya wenye fedha asilimia 2, ule wa 62/36/2 (bati, risasi, fedha) unaoyeyuka kwa nyuzi 179, kwa sababu bati tupu hunyonya fedha kwenye ungio.

Dawa iliyochoka usiimwage kisimani, mtoni wala baharini. Fedha iliyoyeyuka huua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo. Tumbukiza steelwuli ya kusugulia masufuria, iache siku kadhaa ukikoroga mara moja moja. Chuma kinayeyuka na fedha inatua chini kama tope jeusi. Nitrati iliyobaki itie chumvi ishuke kuwa kloridi. Kusanya tope hilo na kloridi kwenye chupa moja yenye jina, na ikijaa mpelekee sonara anayesafisha fedha, akupe bamba jipya kwa kazi inayofuata.